Kabla ya Kumfuata Besi: Chambo, Mshipi na Maamuzi ya Usiku wa Kuamkia Safari

Usiku wa kuamkia safari ya kuvua samaki aitwaye besi, humwaga vyambo vyangu bandia vyote mezani, nikavitazama, kisha nikarudisha sita tu kisandukuni. Vilivyobaki vinalala nyumbani. Wahenga wana neno lao, mchagua jembe si mkulima, na kwa kazi ya shamba sina ubishi nalo. Kwa besi jembe lazima lichaguliwe, ila lichaguliwe mapema, taa ikiwaka na mikono ikiwa mikavu. Mvuvi aliyebeba masanduku matatu hushinda ukingoni akifunga na kufungua, na alfajiri, ambayo mara nyingi ndiyo saa nono kuliko zote, inampita ndoano ikiwa bado mkononi.

Kwanza ujue unamfuata nani. Besi asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na watu wamemsambaza katika mabara mengine kwa sababu ya ukali wake akinasa. Wanaovuliwa sana ni wawili: wa mdomo mkubwa na wa mdomo mdogo. Kuwatofautisha si kazi. Mdomo ukiwa umefumbwa, taya la yule mkubwa linapita nyuma ya jicho, la mdogo linaishia chini ya jicho. Wa mdomo mkubwa hupenda maji yaliyotulia, magugu, mayungiyungi, visiki na miti iliyoangukia majini. Wa mdomo mdogo hupenda mawe, changarawe na maji yenye ubaridi zaidi, hata ya mkondo. Ukijua ni yupi anaishi unakokwenda, nusu ya vyambo vilivyo mezani umeshaviondoa.

Wote wawili ni wa kuvizia. Besi hujibanza kivulini, pembeni mwa kitu, akasubiri mlo upite. Akishambulia hafukuzi mbali. Hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa nguvu na chambo kikafuata humo humo. Ndiyo maana mara nyingi husikii mvuto wowote. Unasikia mguso mdogo, kama mtu amegonga fimbo kwa ukucha, au unaona mshipi unaanza kutembea kando wenyewe. Jizoeze kuutazama mshipi kabla hujajizoeza kutupa mbali.

Baada ya samaki ni maji, na hapa mambo mawili yanatosha: joto na uangavu. Besi hana joto lake mwenyewe, analitegemea la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi mwili wake unapoa, hula kidogo na hataki kukimbizana na kitu, kwa hiyo andaa vyambo vya kukokota polepole chini kabisa. Yakiwa kati ya nyuzi 15 na 20 hivi, joto likiwa linapanda, ndipo anapotaga kwenye maji ya kina kifupi, na dume ndiye anayebaki kulinda mayai na makinda. Dume huyo hukishambulia chochote kinachokaribia kiota, hata kama hana njaa. Mimi huwaacha wakiwa viotani. Najua wapo wanaowavua na kuwarudisha, lakini dakika chache anazokuwa mkononi mwako zinatosha samaki wengine wadogo kuyala mayai yote.

Uangavu unaupima ukifika, ila lazima uwe umejiandaa kwa hali zote mbili. Tumbukiza chambo cheupe ukiangalie kinapotelea wapi. Kikionekana zaidi ya mita moja, maji ni maangavu: tumia mshipi mwembamba, chambo kidogo, rangi za kawaida za majini kama kijani kilichofifia na kahawia. Kikipotea baada ya shubiri moja, maji ni machafu, na besi atakitafuta chambo kwa ule mstari wa hisi ulio ubavuni mwake unaopokea mtikisiko. Hapo unataka kitu kinachotetema, au kitu cheusi chenye umbo nene. Watu hubishana sana kuhusu rangi. Mimi hubeba tatu tu: kijani iliyofifia, nyeusi na nyeupe, na sijawahi kurudi nyumbani nikilaumu rangi.

Sasa vyambo vyenyewe. Ningeambiwa nibaki na kimoja maisha yangu yote, ningechagua mnyoo wa plastiki laini. Ulianza kutengenezwa na Nick Creme huko Akron, Ohio, mwaka 1949, na tangu hapo umebadilika rangi na umbo kuliko kazi yake. Hauna kengele wala kisahani. Unazama, unatikisa mkia, unalala chini, na besi aliyekwisha kukataa kila kitu anauokota.

Namna ya kuufunga ninayoitegemea ni ile iitwayo ya Texas, na naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi. Pitisha mshipi kwenye chubwi lililochongoka kama risasi ya bunduki, ncha ikielekea juu kwenye fimbo. Gramu 5 hadi 7 zinatosha maji ya kina cha kawaida. Magugu mazito yakiwepo, ongeza. Kisha funga ndoano yenye kona karibu na tundu lake. Chomeka ncha katikati ya kichwa cha mnyoo kiasi cha nusu sentimita, itokeze ubavuni, vuta mnyoo upande mpaka ukae kwenye ile kona, kisha geuza ndoano. Usiichomeke tena bado. Iache ining'inie sambamba na mnyoo, utazame mkunjo wa chini unaangukia wapi, uweke alama hapo kwa ukucha. Ukunje mnyoo kidogo, pitisha ncha kwenye alama hadi itokee upande wa pili, kisha irudishe ndani ya ngozi tu, kama anayeficha sindano kwenye pindo la nguo. Uinue mbele ya macho. Ukiwa umenyooka kama rula, umeweza. Ukiwa na kibiongo, uvue uanze upya, kwa sababu mnyoo uliopinda huzunguka majini, unasokota mshipi, na besi anaujua kuwa si kitu kilicho hai. Zoezi hili lifanye mara kumi mezani. Gizani, vidole vikiwa na baridi, si mahali pa kujifunzia.

Mnyoo huo huo unaweza kuutupa bila chubwi, ndoano imechomwa katikati ya mwili wake. Unazama taratibu, ncha zote mbili zikipepea. Ni mbinu ya uvivu, na kwenye maji maangavu yaliyotulia ndiyo ninayoanza nayo. Tupa, acha uzame, usifanye lolote. Kutofanya lolote ndiko kugumu.

Vingine ninavyobeba ni vya kutafutia. Spinabeti ni waya uliopinda, upande mmoja una visahani vya chuma vinavyozunguka, upande mwingine kichwa cha risasi chenye ndoano iliyovikwa nyuzi za mpira. Hupita kwenye visiki bila kunasa sana, na kwenye maji machafu yenye upepo hakuna kinachonifaa zaidi. Krankibeti ni kisamaki kigumu chenye ulimi mbele: ulimi mrefu hukipeleka chini sana, mfupi hukiacha juu. Kigongeshe kwenye mawe na magogo makusudi, kisha kisimamishe kidogo. Mara nyingi besi hukipiga pale kinapoyumba. Chambo cha juu ya maji ni cha alfajiri, jioni na siku za mawingu. Tatizo lake ni furaha ya mvuvi. Besi akiupasua uso wa maji, mkono hutaka kuvuta papo hapo, na chambo kinaruka kinywani kabla hakijafumbwa. Subiri mpaka uusikie uzito wake kwenye fimbo, ndipo uvute. Jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi na sketi ya mpira, hubeba moja kwa ajili ya vichaka vizito na siku za baridi. Chura bandia mwenye tumbo tupu ndani nambeba iwapo tu najua kuna magugu yaliyofunika maji.

Jambo moja la sandukuni: vyambo laini viache kwenye mifuko yake. Ukivichanganya rangi, zinaambukizana, na vikigusana na baadhi ya plastiki ngumu vinayeyuka na kuganda kama gundi. Nimewahi kufungua kisanduku nikakuta minyoo imeshikamana na krankibeti mbili, zote hazifai tena.

Mshipi ndio unaostahili usiku wako mwingi kuliko chambo. Wa nailoni hunyumbuka, unasamehe makosa, na unafaa vyambo vya juu kwa kuwa hauzami haraka. Wa fluorokaboni huzama, hauonekani kwa urahisi majini na haukwaruziki upesi, ila ni mkavu na hauvumilii fundo bovu. Wa kusukwa ni mwembamba kwa nguvu zake, haunyumbuki hata kidogo, hukata magugu, lakini kwenye maji maangavu unaonekana. Mimi huweka wa kusukwa kwenye rili, kile kifaa cha kuviringia mshipi, kisha nikaunga kipande cha fluorokaboni chenye urefu wa fimbo hivi mwishoni.

Fundo ninalolitumia ni la Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, piga fundo la kawaida na mshipi ule uliokunjwa, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi. Kabla hujalikaza, lilowanishe kwa mate. Msuguano wa kukaza fundo kavu huleta joto, na joto huidhoofisha fluorokaboni pale pale unapoitegemea. Hili nililijua kwa uchungu. Nilikuwa nimefunga ndoano harakaharaka asubuhi, nikapata samaki mzito chini ya mti ulioanguka, fimbo ikapinda mpaka kwenye kishikio, kisha ikanyooka ghafla. Nilipovuta mshipi, ncha yake ilikuwa imejiviringa kama mkia wa nguruwe. Mshipi uliokatika kwa jiwe huwa umekwaruzika. Uliojiviringa umeponyoka kwenye fundo. Sikuwa na wa kumlaumu, na mpaka leo naikumbuka ile ncha.

Besi wengi utakaowapata hawatafika kilo mbili. Hata hivyo, funga kama anayemtarajia mwingine. George Perry alimvua wa ratili 22 na wakia 4, zaidi kidogo ya kilo 10, katika Montgomery Lake jimboni Georgia tarehe 2 Juni 1932. Ilipita miaka 77 kabla Manabu Kurita hajamfikia kwa samaki wa Ziwa Biwa nchini Japani, tarehe 2 Julai 2009, na rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mkubwa ikawa ya wote wawili.

Kwa fimbo, ya mita 2 au zaidi kidogo, yenye ncha nyepesi na kiuno kigumu, inatosha karibu kila kitu nilichotaja. Rili iwe ile unayoimudu. Ile ya kulala juu ya fimbo hutupa kwa shabaha nzuri, lakini isiporekebishwa mshipi unajitatanisha kama kiota cha ndege. Irekebishe nyumbani: ninginiza chambo, legeza kifungo, na kigurudumu kikome kuzunguka mara chambo kinapogusa sakafu. Breki iweke ianze kuachia mshipi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu za mshipi wenyewe. Kisha jaribu kila ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, ni butu, inolewe au itupwe. Ikikwama, iko tayari.

Weka mfukoni koleo ya mdomo mrefu, mkasi wa kukatia mshipi, na miwani inayoondoa mng'aro wa maji. Miwani hiyo inakuonyesha visiki vilivyozama, na inayalinda macho siku krankibeti yenye ndoano za pembe tatu itakaponasuka kwa kishindo na kukurudia usoni. Ndoano hizo mimi huzibana vijino kwa koleo. Nampoteza samaki mmoja mmoja, lakini wengine wanarudi majini bila kuchanika. Ukipanda chombo, vaa jaketi la kuokolea maisha. Na kabla ya yote soma sheria za maji unayokwenda: kibali, msimu, urefu unaoruhusiwa. Usimhamishe besi hai kutoka maji haya kwenda mengine. Ni mlaji mkubwa, na mahali asipokuwa wa asili huwamaliza samaki wadogo.

Panga pia utakavyomwachilia. Lowanisha mikono kabla ya kumgusa, ili usimwondoe ute unaomkinga. Mdogo unaweza kumshika taya la chini kwa kidole gumba, akining'inia wima. Mkubwa mkingie tumbo kwa mkono wa pili, alale usawa, maana taya lake halikuumbwa kubeba uzito wote huo. Akiwa ameimeza ndoano mpaka kooni na haitoki kwa urahisi, kata mshipi karibu na mdomo umwache aende. Minyoo iliyochanika irudishe mfukoni; ikitupwa majini samaki wanaimeza na haiyeyuki tumboni.

Chambo cha kwanza nakifunga kabla ya kulala na kukibana kwenye fimbo. Nikifika, jua halijachomoza, nasimama mbali kidogo na maji nikitazama wapi kivuli kinakutana na magugu, wapi vidagaa vinarukaruka. Mtupo wa kwanza siupeleki katikati. Naupitisha sambamba na ukingo, hatua mbili tatu kutoka miguuni pangu, pale ambapo wengi wangekanyaga wakiingia.