Umepata bunduki na hujaizoea: namna ya kuishika bila kumuumiza mtu wa nyumbani kwako

Mzee mmoja mwenye duka pale Kikuubo, Kampala, alinijia na bastola yake ya kwanza, cheti anacho, kila kitu kiko sawa, akaiweka mezani mdomo ukinitazama tumboni akaniambia "afande hii haina kitu, risasi nimeshatoa." Nikaigeuza polepole ikaangalia gunia la mchanga, nikavuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma, risasi moja ikaruka ikagonga sakafu. Yule mzee alinyamaza muda mrefu sana. Alikuwa ametoa magazini tu, kile kikasha cha risasi, basi, moja ikabaki ndani ya bastola. Miezi 4 nzima akirudi nyumbani jioni anatoa magazini, anaiweka bastola juu ya kabati, wajukuu wanacheza hapo chini, na yeye moyoni anajua kile ni chuma tupu.

Ndo maana naandika haya. Mimi bunduki nimefundishwa jeshini, kwa Kiswahili, maana amri za jeshi letu Uganda ni za Kiswahili hata kwa kijana aliyetoka kijijini hajui neno hata moja, anajifunza "koki", yaani pandisha risasi iwe tayari kupigwa, kabla hajajua kuomba maji. Siku hizi nafundisha walinzi na watu binafsi, na kitu nilichokiona miaka yote hii ni kwamba watu hawaumizani sana wakati wa kupiga shabaha, pale kila mtu yuko macho. Wanaumizana wakati wa kushika tu: unamwonyesha shemeji, unapokezana zamu getini, unasafisha, unashuka kwenye gari, mkono uko kwenye silaha na akili iko kwenye maongezi.

Tuanze na mdomo wa bunduki. Usiuelekeze kwa kitu ambacho hutaki kitobolewe, hata kama umekagua, hata kama una haraka. Watu wananiambia sawa afande, lakini ndani ya nyumba niuelekeze wapi? Swali zuri sana hilo, maana ukuta wa matofali ya udongo, mlango wa mbao, mabati, vyote risasi ya SMG, ile bunduki wengine mnaiita AK, inapita na inamkuta mtu chumba cha pili. Sakafu ya saruji nayo inaweza kuirudisha. Juu kama kuna ghorofa kuna mtu amelala. Kwahiyo tengeneza sehemu yako: pipa dogo au ndoo kubwa imara, jaza mchanga mkavu mpaka juu, shindilia, kina kiwe karibu nusu mita, iweke juu ya ardhi pembeni ya nyumba mahali watoto hawapiti. Kazi yote ya kutoa na kuweka risasi inafanyikia hapo, mdomo ukiangalia ndani ya mchanga. Sio kitandani, sio mezani wakati wa chai. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya hiyo bastola.

Halafu kidole. Kidole cha shahada kikae kimenyooka ubavuni mwa bunduki, juu zaidi ya triga (kile kifyatulio) bila kuigusa, kisiingie ndani mpaka umeamua kupiga na unajua nyuma ya shabaha kuna nini. Sababu yake watu hawaelezwi, wanaambiwa tu "toa kidole" kwa ukali. Sababu ni kwamba mwili ukishtuka mkono unajikunja wenyewe, ukiteleza unajikunja, na hata ukikaza mkono wa kushoto kushika mlango au kamba ya mbwa, vidole vya kulia navyo vinaweza kukaza bila wewe kutaka. Huwezi kuuzuia mkono kwa akili, unachoweza ni kuhakikisha kwamba ukijikunja haukuti triga.

Sasa kutoa risasi, na hapa nakaa kidogo maana ndipo mzee wangu wa Kikuubo alipokosea, na kila aina ina mtego wake.

Bastola: kwanza magazini inatoka na inawekwa mbali, mfukoni au chini. Pili unavuta slaidi mpaka mwisho, kwa nguvu, mara mbili tatu. Tatu unaizuia slaidi nyuma, unaangalia kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu tayari kupigwa, na unaingiza kidole kidogo kupapasa, kwasababu usiku au ukichoka jicho linaona linachotaka kuona. Mpangilio huu usigeuze. Ukivuta slaidi kwanza magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chemba inaruka nje, unaiona kabisa kwa macho yako, unafurahi, kumbe slaidi ikirudi imepandisha nyingine. Halafu unatoa magazini unasema imeisha. Hapo umeshika bastola iliyokokiwa na moyo wako unakuambia ni tupu, hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Na ile imani kwamba bastola bila magazini imekufa, iondoe kichwani, nyingi zinapiga vizuri tu risasi iliyobaki kwenye chemba. Wenye Glock waangalie zaidi: haina ile sefti, kufuli ya kuzuia isipige, ya pembeni ya kusukuma na kidole gumba, na ili uifungue kuisafisha lazima uvute triga kwanza. Yaani kusafisha kwenyewe kunaanza na kuvuta triga! Kwahiyo usiiguse hiyo hatua kabla hujaangalia chemba mara mbili na mdomo uko kwenye mchanga.

Sasa SMG. Ile sefti ya upande wa kulia ikiwa juu kabisa imefungwa, ukishusha kidogo katikati unakuta otomatiki, chini kabisa ndo moja moja. Angalia huo mtego: mlinzi mgeni anashusha kidogo tu akidhani amefanya la kiasi, kumbe ameweka mvua ya risasi. Tena ikiwa kwenye sefti haivutiki mpaka mwisho, kwahiyo ili ukague chemba ni lazima uishushe, maana yake wakati wa kukagua ndo wakati sefti haipo. Magazini nje kwanza, mdomo mchangani, kidole nje, ndo ushushe sefti na kuvuta. Angalia, papasa, achia, pandisha sefti. Na jambo lingine, SMG ya kawaida risasi zikiisha haikai wazi, inajifunga kama kawaida, kwa nje huwezi kutofautisha iliyojaa na iliyokauka. Haikuambii chochote.

Shotigani ya pampu ndo inanisumbua usingizi, kwasababu ndo wanayopewa vijana wa getini na walinzi wa mashamba, na wengi wamefundishwa juu juu. Kule hakuna magazini ya kuchomoa, katriji, yaani risasi zake, zimepangwa ndani ya bomba chini ya mtutu. Kijana anavuta kile kishikio cha mbele mara moja, katriji moja inaruka, anasema safi, na kumbe kwa kurudisha kishikio mbele amepandisha nyingine kutoka kwenye bomba. Nimeona tundu la dari kwenye duka moja mjini lililotokea hivyo hivyo, saa 12 asubuhi zamu zinabadilishana, yule anayeondoka amechoka, yule anayeingia hajaamka vizuri. Namshukuru Mungu mama anayefagia alikuwa ameshatoka nje. Namna ya kufanya: weka sefti, mdomo mchangani, bonyeza kile kitufe kidogo karibu na triga kinachoachia kishikio, vuta taratibu itoke ya chemba, halafu pindua bunduki kidogo, bonyeza kibati kinachozuia katriji kwenye bomba uzitoe moja moja kwa mkono. Kama hujui kibati kiko wapi, endelea kuvuta na kurudisha mpaka hakuna kinachotoka, kidole mbali kabisa na triga, kisha angalia chemba NA mdomo wa bomba, papasa vyote viwili. Tena hesabu, kama uliweka 5 zitoke 5.

Na sefti ya hizi pampu, nyingi zinafunga triga peke yake, hazifungi vilivyo ndani. Kwahiyo ile tabia ya kuegemeza pampu ukutani ikiwa na katriji kwenye chemba, halafu mbuzi au mtoto anaigusa inaanguka, ni hatari ya kweli. Zamuni bomba liwe na katriji, chemba iwe tupu.

Zamu zikibadilishana usimpe mwenzako bunduki bila yeye kuona chemba. Unaifungua, unamwonyesha, anaangalia, anasema "nimeona", anapokea, na yeye anakagua tena. Wengine wanaona kama dharau, eti humwamini. Sio dharau. Mkubwa wangu jeshini alikuwa na nyota begani na alinikagulia kila siku.

Kubeba. Banange, kanzu na bastola. Mtu anaenda kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, kanzu safi, koti juu, halafu bastola ameichomeka kwenye suruali hivi hivi bila mfuko wake. Kwenye kwanjula unakaa, unainuka, unainama kusalimia wazee, bastola inashuka taratibu kwenye mguu na kitambaa kinaingia kwenye triga. Nunua mfuko mgumu unaofunika triga yote, uwe na mkanda imara, na ukirudisha bastola mfukoni rudisha polepole huku ukiangalia, shati au kamba ya koti ikiingia pale ni kama kidole. Na ikianguka, iache ianguke! Hii naisema kwa kila mtu na bado watu wanaidaka. Bastola nyingi za kisasa zimetengenezwa zisilipuke kwa kuanguka, lakini hakuna iliyotengenezwa isilipuke ukiidaka hewani na kidole kikaingia kwenye triga. Rudisha mikono, iache itulie chini, ndo uiokote kwa kishikio.

Kwenye gari usiiweke chini ya siti, ukifunga breki inateleza mpaka kwenye pedeli, na siku ya kuosha gari wale vijana wanaikuta kabla yako. Kwenye boda vilevile, usiitoe kuirekebisha mkiwa mnatembea, mwambie asimame.

Pombe nitaisema kwa kifupi kwasababu hakuna cha kujadili: ukienda kwenye baa za Kabalagala silaha inabaki nyumbani imefungwa. Na kupiga hewani mwaka mpya ukifika, au timu ikishinda, hiyo risasi inarudi. Ya bastola inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1 na ya SMG zaidi ya 2, sasa ukiwa Kampala niambie kilomita 2 upande gani hakuna watu.

Nyumbani. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuvuta triga ya bastola, akikosa nguvu ya kidole kimoja anaigeuza na kusukuma na vidole gumba viwili, na akifanya hivyo mdomo unakuwa unamwangalia yeye mwenyewe usoni. Nikikumbuka hilo nashindwa kuendelea vizuri. Juu ya kabati sio sehemu ya kuficha, watoto wanapanda. Chini ya mto sio sehemu. Unahitaji kasha la chuma lenye kufuli, limefungwa bolti ukutani au sakafuni, ufunguo unatembea na wewe, na risasi kwenye kasha lingine lenye ufunguo wake. Na usiwadanganye watoto kwamba ni toi au hakuna kitu humo, waambie kweli, wafundishe wakiona bunduki popote, hata kwa jirani, wasiguse, watoke chumbani waite mkubwa. Mwenzako wa ndani naye afundishwe kukagua chemba hata kama hapendi silaha. Ila kumwazimisha mtu ambaye hana cheti hapana, kwa sheria ya silaha ya mwaka 1970 cheti ni chako wewe na sio cha familia.

Siku ya mazoezi ukivuta triga ikalia tik tu, usigeuke kumuuliza mwalimu huku bunduki inageuka na wewe. Shikilia mdomo kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 ndo utoe, kuna risasi zinachelewa kuwaka. Na ikitoa mlio mdogo wa ajabu, puf badala ya pah, simama kabisa, kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama kwenye mtutu na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Iliyokwama usimpelekee fundi wa kuchomelea vyuma, ipelekwe kwa polisi wenye ghala la silaha au kwa fundi wa silaha anayejulikana.

Mtu akipigwa, weka silaha salama kwanza ili asiumie wa pili, piga 999 au 112, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uzito wako wote, usifunue kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kitambaa kipana, sio kwenye jeraha lenyewe, bali juu yake kidogo upande wa moyoni, ingiza kijiti, zungusha mpaka damu isimame, andika saa uliyofunga, usilegeze mpaka hospitali. Usisubiri ambulensi kama kuna gari hapo.

Yule mzee wa Kikuubo nilimpa mazoezi ya wiki nzima: risasi zote chumba kingine, bastola imekaguliwa, jioni dakika 10 mbele ya ndoo ya mchanga, anatoa kwenye mfuko, anakagua, anarudisha, huku anasema kwa sauti "magazini, chemba, jicho, kidole." Siku ya kwanza nilihesabu mwenyewe, katika mara 10 kidole chake kiliingia kwenye triga mara 6 bila yeye kujua. Wiki ilipoisha ilikuwa mara 1. Nikamwambia arudi wiki nyingine.