Kufundisha ufahamu darasa la pili kwa hadithi ya sentensi tano

Mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama, ukimuuliza amesoma nini anabaki kukutazama. Silabi anazo, maana bado. Hapa Moshi mimi hufundisha ufahamu hivi, kwa ubao na chaki tu.

Hatua ya 1. Tunga hadithi fupi ya mambo wanayoyajua. Yangu ni hii:

Neema na mama walibeba ndizi kwenda sokoni Kiboriloni. Njiani Neema aliona wingu jeusi mlimani. Akasema, "Mama, turudi tuchukue mwavuli." Jioni walirudi na kikapu kitupu. Mama alikuwa anaimba.

Mvua haikutajwa, kuuza hakukutajwa. Yameachwa makusudi.

Hatua ya 2. Andika sentensi tatu za kwanza tu. Soma kwa sauti, wakufuatishe, kisha wasome wawili wawili. Waulize wanadhani nini kitatokea. Pokea kila jibu bila kusahihisha, ndipo umalizie hadithi wajionee wenyewe.

Hatua ya 3. Anza na swali ambalo jibu lake limeandikwa: walikwenda wapi? Halafu lisiloandikwa: kwa nini Neema alitaka mwavuli? Mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya wingu jeusi mlimani, ndiyo maana nasisitiza hadithi iwe ya kwao. Anayejibu kwa Kichagga mwache amalize, mwenzake amsaidie kuliweka kwa Kiswahili. Unapima kuelewa.

Hatua ya 4 ndiyo yenye kazi. Uliza: mama alijisikiaje? Wengi watasema amehuzunika, kikapu hakina kitu. Usiseme "hapana". Uliza, "Umejuaje?" Mwite ubaoni aweke kidole kwenye sentensi iliyomwambia hivyo. Atagusa "kikapu kitupu". Mwambie aendelee kusoma. Kidole kikifika kwenye "anaimba", mara nyingi hugeuka mwenyewe: "Mwalimu, ndizi zimeisha zote!" Hapo usiwe na haraka, hata kengele ikikaribia. Kurudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi ndiko kunakomjenga msomaji.

Hatua ya 5. Futa ubao, kila mmoja amsimulie jirani yake. Darasa likiwa kubwa, sikiliza safu moja leo, nyingine kesho. Anayesimulia kwa maneno yake mpe hadithi mpya. Anayerudia neno kwa neno huenda amekariri tu, kwa hiyo muulize tena: kwa nini mama alikuwa anaimba?