Dizeli Imeishia Wapi? Kutafuta Tatizo la Mafuta kwenye Hilux ya 3L

Hilux yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L inapogoma kuwaka, wengi hukimbilia kufungua nozeli (zinazonyunyizia dizeli kwenye injini) au kushusha pampu, sehemu ambazo ni za ghali kuliko nyingine na mara nyingi hazina kosa. Ni vema kwanza kujua dizeli imeishia wapi katika safari yake kutoka kwenye tangi hadi kwenye filta, kisha kwenye pampu na nozeli.

Piga starta huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inaingia kwenye silinda ila haiungui, kwa hiyo kagua plagi za hita (zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka) na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki.

Sasa nenda kwenye kipampu cha mkono kilicho juu ya filta, kwani hapo ndipo gari hili husema mengi. Kikikaza baada ya kubonyezwa mara kadhaa, njia imejaa dizeli. Kikipanda polepole unapokiachia, kuna kizuizi upande wa tangi. Kikibaki laini hata baada ya kubonyezwa kwa muda mrefu, ilhali tangi lina mafuta, kuna mahali panapoingiza hewa. Hewa ni ngumu kuigundua kwa macho, kwa sababu pampu huvuta dizeli kutoka kwenye tangi, na tundu linaloweza kuingiza hewa si lazima livujishe hata tone. Niliwahi kuhangaika na gari lililowaka vizuri mchana kutwa lakini likasumbua kila asubuhi, kwani usiku dizeli ilikuwa ikirudi kwenye tangi. Kosa lilikuwa ufa mwembamba wa hosi, uliofichwa na klipu, na pamekauka kabisa. Tangu hapo hufunga kipande cha hosi angavu kati ya filta na pampu, nikatazama kama mapovu yanapita.

Legeza pia koki iliyo chini ya filta na ukinge kwenye chupa safi: maji hutulia chini ya dizeli, nawe utayaona yamejitenga.

Njia ikiwa imejaa, fungua swichi bila kupiga starta na usikilize solenoidi ya pampu, yaani vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli, ambayo hupaswa kutoa mlio mfupi inapopata umeme. Ikiwa kimya, pima kama volti 12 zinafika kabla ya kuilaumu. Mwisho, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli, zifunike kwa kitambaa, kisha mwenzako apige starta kwa sekunde zisizozidi 15. Dizeli ikichuruzika bila mapovu, pampu inasukuma. Kaza nati moja baada ya nyingine.

Hatua hii ya kulegeza nati usiifanye kamwe kwenye injini ya komoni reli (ya dizeli ya kisasa, ambayo nozeli zake hulishwa na bomba moja la presha kubwa), ambayo presha yake huweza kupita bar 1,000, kwani mchirizi wake hupenya ngozi na kuingia mwilini. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.