Unataka kuchangia shule ya kijijini iliyoezuliwa paa? Uliza kwanza imefika hatua gani

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Newala. Ndugu zetu walioko Dar hunipigia: "Mama, shikamoo. Tumesikia upepo umeezua madarasa, nitume shilingi ngapi?" Marahaba, mwanangu. Usitume kwanza. Uliza ujenzi umefika wapi na nini kimekwama, kisha ubebe hatua moja mpaka iishe. Fedha ya "shule" kwa ujumla hupotelea njiani. Ya kupaua darasa moja kila mtu huiona.

Hapo kwenye kupaua ndipo ninapokuomba uwe mkali. Waombe wakupigie picha ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, kabla bati halijapanda. Nondo ziwe zimetokeza juu yake za kufungia mbao za kenchi zinazobeba paa, na mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Bati liwe geji 28. Geji 30 ni jembamba, na kwenye uwanda huu wa juu wa Makonde upepo hauna wa kuuzuia. Mhandisi wa halmashauri akague kabla ya fundi kulipwa. Ni watoto watakaokaa chini ya paa hilo.

Jambo wanalolisahau wengi ni maji. Huku kwetu maji ni ya kununua, na zege lisipomwagiliwa siku saba hupasuka. Kwa hiyo mwenye kuchangia saruji achangie na boza la maji. Paa likikamilika, weka mifereji na simtanki. Mvua za masika zitawapa watoto maji ya kunawa.

Fedha ipitie akaunti ya shule, kamwe isiende kwenye simu ya mtu, hata kama ni yangu. Ukipenda, lipa dukani moja kwa moja, risiti iandikwe jina la shule, na kamati ya mapokezi ihesabu mifuko inaposhuka. Saruji ilazwe juu ya mbao, isiguse sakafu, na itumike mapema kabla haijaganda.

Wapo wazazi wasio na mkorosho hata mmoja. Wenye korosho tunaweza kukubaliana kwenye mkutano wa kijiji wakatwe kidogo kwa kila kilo kupitia chama cha msingi cha ushirika wanakouzia; hawa wasio nacho wasogeze mchanga au wapikie mafundi, na asiyeweza aachwe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mchango wa mzazi ni wa hiari, wala mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake. Ukisikia amerudishwa, piga simu kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

Kama fedha yako haifiki darasa, jenga choo. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Anza na la wasichana, na mlango uwe na komeo la ndani.