Kilima kwa kijana wa mbio fupi: hatua kwa hatua

Kocha mwenzangu aliniomba nitazame vijana wake: wanapanda kilima kila wiki, lakini muda wao wa mita 100 haushuki. Kilima kilikuwa kirefu na kikali, na walikipanda mfululizo. Hayo ni mazoezi ya pumzi. Ukitaka kasi, fanya hivi.

1. Pima mita 30 kwenye tambarare. Andika muda wa kila mmoja.

2. Chagua mwinuko. Usiharakishe hapa. Kilima husaidia zaidi mita za mwanzo wa mbio, kwa kuwa kijana hulazimika kuegemea mbele, kunyanyua goti na kusukuma ardhi kwa makalio na mapaja. Kikiwa kikali mno, hatua hufupika, mguu hukawia chini, na mwili huzoea mwendo wa polepole.

Macho hudanganya, kwa hiyo pima. Laza ubao wa mita 1 kuelekea juu, weka pima maji juu yake, nyanyua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha pima kwa rula nafasi iliyo kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 5 ni asilimia 5, karibu digrii 3. Sentimita 10 ni karibu digrii 6. Mimi hubaki kati ya hizo. Ukitumia programu ya simu, hakikisha inasoma nini: digrii 10 ni karibu asilimia 18, na huko vijana watapanda, hawatakimbia. Pima chini, katikati na juu, maana vilima vingi hukaza kuelekea kileleni. Hata hivyo, kijana akianza kujikunja kiunoni, mhamishie penye mwinuko mdogo.

3. Pasheni mwili moto.

4. Mita 20, mara 4 hadi 6, kwa nguvu zote. Pumziko ni dakika 2 hadi 3. Atakuambia yuko tayari mapema, mzuie. Kasi ikishuka, mazoezi yameisha hata kama idadi haijatimia.

5. Kushuka ni kwa kutembea. Kukimbia mteremkoni huyabebesha magoti na mapaja kazi ya kufunga breki. Kijana anayerefuka haraka akilalamikia maumivu chini ya goti au kisiginoni, mpumzishe, asiambiwe avumilie.

6. Malizeni tambarare, mita 30 mara 2 au 3. Kasi ya juu kabisa haipatikani kilimani.

Fanyeni mara 1 au 2 kwa wiki. Baada ya wiki 6, rudia kipimo cha mita 30, mahali palepale na viatu vilevile.