Jinsi ya kuchagua shahada ya uzamili ya historia ya sanaa: anza na kitu, chuo kitafuata

Kila mwaka hunijia vijana waliomaliza shahada ya kwanza, na swali lao ni lile lile: "Dada, historia ya sanaa nikaisomee wapi?" Mimi hutunza nguo na mbao za kale katika jumba la makumbusho hapa pwani, na shahada hiyo nimeisoma. Kabla sijajibu humuuliza mtu: wewe unataka kukijua kitu gani? Kama hana jibu, siku hiyo hatufungui tovuti ya chuo chochote.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, ukiandikie ukurasa mmoja

Kiwe kitu unachoweza kukishika, au kusimama mbele yake. Chukua kanga. Itandaze sakafuni. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji. Sasa jiulize: mchoro huu aliuchora nani? Kitambaa kilichapwa wapi? Kwa nini majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi? Ukifuatilia utafika Helmond, Uholanzi, ambako kiwanda cha van Vlissingen, ambacho leo ni Vlisco, kilichapa kanga za soko letu mwanzoni mwa karne ya 20. Ukirudi nyumbani utafika Mombasa, kwenye duka lenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla.

Ukurasa huo mmoja umeshakuonyesha kwamba unahitaji chuo kilicho karibu na vitabu vya vielelezo vya kiwandani, mwalimu anayejua nguo za Bahari ya Hindi, na Kiholanzi cha kusomea. Programu nyingi zimeshajiondoa zenyewe.

Badilisha kitu, na njia itabadilika. Ukipenda vinyago vya kusini mwa Tanzania, kumbuka kwamba Mjerumani Karl Weule alikusanya vitu huko mwaka 1906 na kuvipeleka Leipzig, kwa hiyo Kijerumani hukwepi. Ukipenda vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, swali lako kubwa litakuwa vilitokaje kwenye boma la wenyewe. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilionekana baadaye katika makumbusho za Marekani, na vilitambuliwa kwa sababu mtafiti alikuwa amevipiga picha vikiwa bado vimesimama nyumbani kwao. Kufuatilia njia kitu kilikopita ni fani inayofundishwa. Angalia kama chuo chako kina somo hilo.

Hatua ya 2: Hakikisha unaomba shahada unayoitaka

Usichanganye historia ya sanaa na shahada ya kuchora au kuchonga, wala na masomo ya makumbusho. Katika vyuo vyetu vingi historia imewekwa ndani ya idara ya sanaa za ufundi, na huenda ukatakiwa kuwasilisha kazi za mikono yako. Soma masharti ya kujiunga hadi mstari wa mwisho.

Hatua ya 3: Mtafute mtu

Hapa ndipo nilipoumia. Nilichagua chuo chenye jina kubwa kwa ajili ya mhadhiri mmoja niliyekuwa nimesoma makala zake zote. Nilipofika nikaambiwa yuko likizo ya utafiti mwaka mzima. Shahada yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja. Nilisimamiwa na mtu mwema sana ambaye alikuwa bingwa wa picha za makanisa ya Italia. Milango ya Lamu, ambayo ndiyo niliyokwenda kuisomea, alikuwa hajapata kuiona hata kwenye picha.

Kwa hiyo mwandikie mhadhiri mapema, barua fupi. Mweleze kitu chako kwa sentensi tatu, kisha uliza: utakuwepo mwaka ninaotaka kuanza? Unasimamia tasnifu za shahada ya uzamili, au za uzamivu tu? Wanafunzi wako wa karibuni waliandika juu ya nini? Baada ya hapo zungumza na mwanafunzi aliyemaliza juzijuzi, na umuulize ni mara ngapi aliingia ghala la makumbusho akavishika vitu. Jibu hilo lina uzito kuliko picha za maktaba kwenye tovuti.

Ukiwa na swali la Afrika, majina ya kuanzia ni SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha London, kitengo cha utafiti wa sanaa cha Sainsbury katika Chuo Kikuu cha East Anglia kule Norwich, na Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kwenye Iwalewahaus, jumba lake la sanaa za Afrika. Makerere usiipite. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa pale mwaka 1937, na wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau walipita mikononi mwake. Kama swali lako ni uchoraji wa Afrika Mashariki wa karne ya 20, kwa maoni yangu Kampala inakufaa kuliko London, kwani hapo unaishi jirani na michoro na watu wanaoikumbuka.

Hatua ya 4: Pesa

Uingereza shahada hii kwa kawaida ni mwaka mmoja, Marekani na Ujerumani miwili. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na maombi hufunguliwa kwa kawaida Agosti. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Marekani fedha nyingi huelekezwa kwenye uzamivu. Nakusihi usiuze kiwanja cha familia kwa shahada hii. Bora usubiri mwaka, uombe tena.

Hatua ya 5: Andika Kiswahili chako kwenye maombi

Vyuo vingi huuliza lugha za utafiti. Taja Kiswahili, na kama unasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, litaje hilo mwanzo kabisa. Wanaoweza kusoma jina la kanga ya zamani au maandishi ya kale ya Siyu, kisiwani Pate, ni wachache.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa

Ukishapokelewa, mwandikie mhadhiri yule yule tena, uliza swali lile lile: mwaka huu utakuwepo? Jibu likishafika, ndipo ulipe amana.