Kupendeza sikukuu kwa mitumba bila kuumiza mfuko: nguo na mapambo

Sikukuu ikikaribia bei za madukani zinapanda zenyewe, na kinachouma zaidi ni kwamba yale mapambo unayatumia wiki mbili tatu alafu yanarudi kabatini, na lile gauni la sherehe ukishapigwa picha nalo basi, mwaka kesho huwezi kulirudia mbele ya watu walewale. Ndo maana mi nasema kama kuna kipindi mitumba inalipa ni hiki. Ila mitumba ina wenyewe bana, ukiingia kichwa kichwa unatoka na mfuko mkubwa wa vitu vya bei chee ambavyo hata kimoja hukitumii, na hapo hujaokoa hela, umezitupa kidogo kidogo.

Karibu yote nitakayosema hapa yanarudi kwenye kitu kimoja: jua kipi kinarekebishika na kipi hakirekebishiki. Vumbi, kifungo kilichokatika, upindo mrefu, rangi mbaya, nta ya mshumaa, shaba iliyopauka, hizo ni kazi za jioni moja tu. Mabega makubwa, harufu ya ukungu, ngozi feki inayobanduka, kauri yenye ufa, hivyo achana navyo hata ukipewa bure. Watu wengi wanafanya kinyume chake, wanakimbia vumbi wanakumbatia koti lenye mabega ya mtu mwingine.

Kabla hujatoka

Chukua nguo yako moja inayokukaa vizuri kuliko zote, ilaze kitandani, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, bega hadi bega, na urefu, alafu andika kwenye simu. Siku hiyo beba futi ya fundi. Lebo za saizi usiziamini sana, nane ya Marekani kwa gauni la kike ni kama kumi na mbili ya Uingereza, na nguo za zamani, za miaka ya 1970 kurudi nyuma, zilikatwa ndogo kuliko za sasa hata kama namba ni ileile, na juu ya hapo nguo ya mtumba imeshafuliwa sana inawezekana imerudi. Kwa hiyo futi ndo inayosema ukweli, namba ni hadithi tu.

Beba na sumaku ndogo (nitakwambia ya nini), betri kama unatafuta taa za betri, na piga picha sebule yako na nguo ulizonazo tayari, maana ukiwa katikati ya lundo kila kitu kinapendeza, ukiangalia picha unakumbuka kwamba viti vyako ni vya bluu na hicho kitambaa cha chungwa hakina pa kwenda.

Kuhusu muda, mapambo nunua sikukuu ikishapita, watu wanasafisha nyumba, wanatoa maboksi mazima mazima na hakuna mnunuzi mwingine anayeyataka wakati huo. Nguo nzito nazo tafuta kipindi cha joto. Kama umeshachelewa na sikukuu ni mwezi huu basi nenda siku za katikati ya wiki, asubuhi, na muulize muuzaji mzigo mpya unafunguliwa lini. Hilo swali tu linakuokolea kupekua vilivyobakizwa na wenzako.

Nguo: anza na bega, malizia na kwapa

Ukishika gauni au koti usianze na rangi wala bei. Anza na bega. Mshono wa bega unatakiwa ukae pale mfupa wa bega lako unapoishia, ukipita hapo fundi itabidi afumue mkono wote, na kama kuna bitana ndani afumue na bitana, na hiyo gharama mara nyingi inazidi bei uliyonunulia. Kiuno kupunguza ni rahisi, urefu kukata ni rahisi kabisa, kuongeza upana inategemea na kitambaa kilichoachwa ndani, kwa hiyo igeuze nguo uangalie mshono wa ubavuni: ukikuta kuna sentimita moja au mbili zimebaki kila upande una pa kuanzia, ukikuta imekatwa kwenye ukingo kabisa isahau. Na hata hapo, kitambaa cha mahameli kikifumuliwa kinaacha mstari wa mshono wa zamani, unaonekana, hauondoki.

Baada ya bega inua nguo juu kwenye mwanga, ishike kwa mikono miwili uinyooshe. Nondo wakishakula sweta ya sufu unaona vitundu kama vya sindano ambavyo mezani huwezi kuviona, na sehemu zilizosagika, makalioni na kwenye viwiko, zinapitisha mwanga kuliko kwingine. Alafu geuza kwapa. Ule umanjano wa jasho na diodoranti ukishakauka miaka kwenye kitambaa cheupe ni mgumu sana kutoa, na kama kitambaa kwapani kimekakamaa ujue kimeshachoka, kitachanika siku utakapoinua mkono kucheza. Nusa pia, usione aibu. Harufu ya kabati inatoka kwa hewa na jua, ya sigara inatoka kwa kusumbuka, ya ukungu kwangu mi ni hapana moja kwa moja.

Zipu ipandishe na kuishusha yote mpaka mwisho, maana ya kukwama huwa inakwamia kiunoni ambako wewe hukufika. Zipu mbovu sio mwisho wa dunia, fundi anabadilisha, ila hiyo gharama itaje wakati wa kupatana bei.

Nguo za kumetameta za sherehe zina shida yake. Vile vidude vinavyong'aa vingi vimeshonwa kwa uzi mmoja unaoendelea, sasa uzi ukikatika sehemu moja vinaporomoka mstari mzima, kwa hiyo pitisha kiganja polepole kuelekea chini na tafuta uzi unaoning'inia, ukiuona usiuvute, kama nguo ni nzuri ichukue hivyohivyo ukaufunge fundo nyumbani. Na usije ukapiga pasi juu yake, vingi ni plastiki vinayeyuka.

Kitambaa. Kama lebo imekatwa, kikunje ngumini kwa nguvu uhesabu mpaka kumi ukiachie: pamba na kitani vinabaki na makunyanzi, poliesta inarudi kama ilivyokuwa. Ukitaka uhakika zaidi chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe pembeni ya mshono wa ndani, ukifika nyumbani uchome juu ya sinki. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, pamba inanuka karatasi, poliesta inayeyuka inaacha kitone kigumu. Inasaidia kujua kabla ya kufua, maana sufu ukiiweka kwenye maji ya moto na kuisugua inasinyaa inakuwa ya mtoto na hairudi tena ilivyokuwa.

Viatu sasa. Hapa watu wanaliwa sana, wanaona kiatu hakijavaliwa kabisa, soli safi, wanafurahi. Kumbe soli nyingi laini na nyepesi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo kitu inaoza kwa unyevu wa hewa tu hata ikikaa kabatini, ukivaa mara ya kwanza inamomonyoka barabarani. Ibonyeze kwa dole gumba kwenye kisigino: ikibonyea na kurudi sawa, ikinata au ikitoa unga iache. Mikoba nayo angalia kwenye kona na pale mkanda unapokunjika, ngozi feki ikishaanza kubanduka hakuna dawa, zile rangi za kupaka ni kuahirisha tu.

Na usinunue nguo ambayo huna cha kuivalia. Bei yake kamili ni bei ya muuzaji, jumlisha fundi, jumlisha kufua, jumlisha kiatu ambacho utalazimika kukitafuta. Piga hiyo hesabu kichwani hapohapo kabla hujatoa hela.

Mapambo: kimbia meza ya mapambo

Kwenye mapambo ushauri wangu wa kwanza utashangaza kidogo, ile meza iliyoandikwa sikukuu ipite haraka. Pale ndo kila mtu kajazana na ndo bei iko juu. Wewe nenda kwenye vyombo, mapazia, vikapu na fremu za picha. Sikukuu machoni ni rangi na mwanga basi, ukichagua rangi mbili na kitu kimoja cha kung'aa, iwe dhahabu au fedha, usichanganye, vitu vilivyotoka sehemu kumi tofauti vinaonekana vimenunuliwa pamoja.

Mapazia ni mali. Pazia moja la mahameli lenye doa chini unalinunua kwa hela ndogo, unakata pale penye doa, unapata kitambaa kirefu cha katikati ya meza na foronya mbili za mito na kipande cha kufungia zawadi. Skafu za hariri hivyohivyo, unafungia zawadi na yule uliyempa anabaki na skafu. Sweta iliyoliwa na nondo mgongoni bado mikono yake inatoa soksi za kutundika za Krismasi. Fremu mbaya zenye picha za ajabu toa picha, piga msasa kidogo, puliza rangi moja zote, hata kama zilikuwa za plastiki hakuna atakayejua.

Vinara vya mishumaa ndo nilisema ubebe sumaku. Shaba haivutwi na sumaku, fedha nayo haivutwi, sasa kinara kikiandikwa shaba na sumaku ikang'ang'ania ujue ni chuma kimepakwa rangi, usilipe bei ya shaba. Isiposhika haimaanishi moja kwa moja ni chenyewe, aluminiamu nayo haishikwi, ila uzito utakwambia. Kwenye fedha tafuta mhuri wa 925, yaani fedha halisi, chini au nyuma. Ikiwa nyeusi usiogope kabisa, hapo ndo unanunua rahisi kwa sababu wengine wameogopa: tandika foili ya aluminiamu kwenye beseni upande wa kung'aa juu, weka kijiko, mwagia maji ya moto yenye bekingi soda, kiguse foili, ule weusi unahama. Usifanye hivyo kwa kitu chenye vito vilivyogundishwa.

Kauri na glasi, gonga. Ishike kwa vidole bila kuibana, igonge taratibu kwa kucha: nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti ya kufa hata kama ufa wenyewe huuoni. Alafu zungusha kidole ukingoni, polepole, kucha itakwama penye pengo. Nta iliyoganda ndani ya glasi sio shida, weka kwenye friza masaa kadhaa, inasinyaa inabanduka yenyewe, ila glasi nyembamba sana usijaribu na usiimwagie maji ya moto ikitoka humo.

Taa za kamba, hizi nitasema kwa ukali kidogo. Usinunue bila kuwashwa. Mwombe muuzaji aziwashe, na zikiwaka pitisha mkono waya wote kuanzia kwenye plagi, pinda kila sehemu taratibu, ukiona zinazimika zinawaka una waya umekatika ndani. Waya uliokakamaa na kupasuka ganda, plagi iliyobadilika rangi kwa joto, soketi ya balbu iliyoungua, rudisha mezani, hakuna pambo linalostahili kuunguza nyumba. Zile za zamani za balbu za moto zinakula umeme na zinachemka, bora upate za LED hata kama ni chache.

Vitu vya zamani kabisa vina sumu zake pia. Nyuzi za kung'aa za mti wa Krismasi zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, Marekani waliziacha mwaka 1972, ukikuta nyuzi nzito laini ambazo ukizikunja zinabaki zimekunjika usizipeleke penye watoto. Rangi ya nyumba yenye risasi nayo walikuja kuipiga marufuku 1978, kwa hiyo pambo la mbao la kale linalobanduka rangi liweke juu, usilipige msasa. Glasi za kristali za zamani nazo nyingi zina risasi, zitumie kupambia tu, weka mishumaa, ila kinywaji kisilale humo.

Ukifika nyumbani

Usiingize mfuko chumbani. Fungua nje au bafuni, kagua mishono na mikunjo ya mito na vitambaa kama kuna kunguni, vitone vyeusi ndo dalili. Kinachovumilia maji ya moto fua kwa nyuzi 60, kisichovumilia funga kwenye mfuko uweke kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne au zaidi. Harufu iliyobaki loweka kwenye maji yenye siki kidogo alafu anika kivulini penye upepo, na vitambaa vyeupe vyenye doa la manjano vianike juani vingali na majimaji, manjano inapauka kwa jua. Mahameli usipige pasi, itundike bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto, mvuke unanyoosha wenyewe.

Kununua onlaini ni mambo hayohayo, ila omba picha ya kwapa, ya lebo, ya soli, na vipimo nguo ikiwa imelazwa. Muuzaji akisema "inaenea wote" bila kutoa namba, hamia kwa mwingine.

Na sikukuu ikiisha kunja taa kwenye kipande cha boksi gumu zisijisokote, glasi zifunge kwa karatasi zisizo na wino, na juu ya boksi andika kilichomo na rangi ulizotumia, maana mwakani ukienda sokoni utakuwa unatafuta vitu vitatu tu vya kuongezea.